Ukanda wa Kioo cha Kushoto

Kambi ya Boulia, Queensland
9 Mei 1993

Merle,

Natumaini umefika Warrnambool na dereva wa lori la barua hakukuchosha kwa soga mpaka Mount Isa. Mimi nipo, mzima kiasi, vumbi limejaa masikioni. Basi letu lipo pale pale ulipoliacha, limefunikwa turubai upande wako.

Nianze na kioo, maana najua ndicho utakachouliza kwanza. Kile cha kushoto hakipo tena. Vioo vya zamani vikipasuka havitoi vipande, vinamwagika kama sukari, na mpaka leo nafagia. Cha upande wangu, ambacho si cha zamani kama hicho, kimepona, ila lile doa la jiwe la mwaka juzi limeanza kuota mguu wa ufa kuelekea juu. Mtunza kambi, Bi Gwenda, yule mama wa kofia ya kiume aliyekubebea sanduku asubuhi ile, ananiambia kuna fundi wa vioo Mount Isa, jina lake Radko, anayepita huku kila mwezi. Atalijaza hilo doa gundi kabla halijafika mbali, na atachukua kipimo cha kioo kipya. Dukani hakipatikani. Nani anauza kioo cha basi la shule la enzi zile? Bahati yetu ni kwamba ni vioo viwili bapa na nguzo katikati, kwa hiyo kinaweza kukatwa. Kingekuwa kimoja cha kupinda tungezeekea hapa.

Najua uliondoka umenuna. Nakubali nilipaza sauti. Lakini na wewe, Merle! Tangu tulipokuwa tukiendesha gari la marehemu baba yako, tukikutana na lori kwenye changarawe unaweka vidole kwenye kioo mpaka lipite. Kila mtu huku anafanya hivyo. Ukikibana kwa vidole hakitetemeki, na jiwe likija linadunda na kwenda zake. Siku ile lori lile la matela matatu linakuja, na vumbi lake nyuma limeziba dunia, nakwambia "mkono, Merle", na wewe umekaa mikono mapajani kama uko kanisani. Haya, sasa tumekwama. Sisemi tena, nimeshasema.

Ulisema kioo kikishawekwa ndipo utaniambia kama unarudi kuishi ndani ya basi au ndiyo basi tena. Mimi nashughulika. Lakini ukae ukikumbuka kwamba nyumba tuliuza kwa ajili ya safari hii, na Kimberley, kule kaskazini-magharibi tulikokuwa tunakwenda, hatujaiona.

Jeanette mpe salamu za baba yake.

Athol


Warrnambool, Victoria
20 Mei 1993

Athol,

Nimefika. Jeanette alinipokea kituoni akauliza baba yuko wapi, nikamwambia yuko na kioo. Akacheka sana. Mimi sikuwa na nguvu ya kucheka.

Huku mvua haikatiki. Nalala chumba cha mjukuu, chini ya picha ya mcheza mpira mmoja asiye na meno ya mbele. Kitanda kimesimama sawasawa. Hujui raha ya kitanda ambacho hakuna mtu anayelazimika kuingiza vibao chini ya magurudumu ndipo ulale bila kuporomokea ukutani. Siku mbili za kwanza nililala tu. Jeanette aliingia kuangalia kama bado napumua.

Nimechoka, Athol. Usifikiri ni uchovu wa njia. Miaka minne kila jioni viti vinatolewa, duara linapangwa, bia inafunguliwa, na wageni ni wale wale, majina tu yamebadilika. Wanaume mnazungumzia betri na matangi ya maji. Sisi wanawake tunaulizana wajukuu tuliwaacha wapi. Kisha kila mmoja anakwenda kumwaga choo chake. Nilivumilia kwa sababu wewe ulikuwa na furaha, na ukiwa na furaha unaimba unapoendesha, hata kama huna sauti.

Habari za mkono usiniandikie tena. Ukitaka kuikumbuka siku ile, ikumbuke yote, usichague kipande kinachokufaa.

Neno langu ni lile lile. Sitakuacha na tundu usoni mwa nyumba, nitangoja lizibwe. Kioo kikiwa tayari niandikie, nami nitakujibu kama napanda tena au sipandi. Ila usinihesabu kama nimeshakubali.

Usishangae mwandiko kupinda. Meza ya hapa ni fupi.

Merle


Boulia
3 Juni 1993

Merle,

Mwandiko wako umekuwa kama wa daktari. Mwambie Jeanette anunue meza ya watu wazima.

Radko alikuja jana. Mtu mfupi, mabega mapana, aliletwa Mount Isa na migodi enzi za ujana wake akaishia kwenye vioo. Anaongea bila kupumzika na hukubali chai mpaka ya tatu. Doa la upande wangu amelimaliza kwa muda wa sigara mbili. Alilitoboa kidogo, akalibandikia kichupa chenye parafujo, akaikamua gundi ikaingia mpaka ndani kabisa ya ule mguu, akaliacha jua likaushe. Ukitafuta unaliona, usipotafuta huoni kitu.

Upande wako ndio kasheshe. Unakumbuka kila masika ulikuwa ukilalamika magoti yanalowa, nami nasema tayari nimeziba? Kumbe nilikuwa najichimbia kaburi. Radko aliuvuta mpira wa kioo, ule mweusi unaozunguka, ukatoka na gundi yangu ya silikoni ya miaka yote, safu juu ya safu. Chini yake fremu imelika, inavunjika kwa kidole kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Alinitazama. "Mzee Athol," anasema, "maji wewe hukuyazuia. Umeyafungia mlango yakiwa ndani."

Kumbe mpira ule hautaki gundi yoyote. Unakaa mkavu. Una mfereji katikati, na kazi yote ikiisha unaushindilia ukanda ndani ya ule mfereji, ule ukanda unaong'aa ambao wewe ulikuwa ukiusugua kwa dawa ya meno. Mimi siku zote nilidhani ni urembo. Kumbe ukanda ndio unaotanua mpira mpaka ukabana kioo upande mmoja na bati upande wa pili. Bila ukanda kioo kinakaa kwa heshima tu. Shimo moja kubwa la barabarani na kinatoka chote.

Kwa hiyo kwanza nikwangue kutu, nichomelee vipande vipya pembeni, nipake rangi, ikauke. Radko ameondoka na kipimo cha karatasi, mwishoni mwa mwezi anarudi na kioo. Alisema na mengine pia, anaongea sana yule. Nitakueleza siku nyingine.

Jioni huku kumepoa. Watu wa duara wanakuulizia.

Athol


Warrnambool
14 Juni 1993

Athol,

Nimesoma habari za fremu. Sitasema nilikwambia, ingawa nilikwambia, tena nikiwa nimejifunika taulo magotini.

Umeandika kurasa mbili, nami nimezisoma zote mbili nikitafuta kitu. Kuna habari za mpira, kutu, gundi, Radko na chai yake. Nimemaliza nikageuza karatasi nyuma nikidhani labda umeandika huko. Je, tangu siku ile hakuna kitu chochote ambacho umewahi kufikiri kuniuliza?

Jeanette ananiambia nikuandikie wazi. Mimi naona mtu aliyekaa na mwenzake umri wote huu asingehitaji kuandikiwa. Pengine nakosea.

Mimi ni mzima. Nakula. Natembea mpaka ufukweni asubuhi mvua ikipumzika, narudi.

Merle


Boulia
30 Juni 1993

Merle,

Barua yako nimeisoma nikaambulia patupu. Kitu gani nikuulize? Kama ni fedha, tunazo za kutosha. Kama ni Jeanette, nimeshamtumia salamu. Ukitaka jambo liseme, mimi si mtabiri.

Habari kubwa: kioo kimeingia! Radko alikileta juzi kimelazwa kati ya mablanketi, cha kisasa, tabaka mbili zilizogandishwa. Hata kikipigwa hakimwagiki, kinapata nyufa tu na kubaki mahali pake. Mwenyewe alikuwa na haraka ya kwenda Bedourie, akanionyesha namna na kuniachia niendelee. Nikamwita Bi Gwenda anisaidie.

Unakivisha kioo mpira wake kwanza. Kisha unapitisha kamba kwenye mdomo wa mpira, mzunguko mzima, ncha mbili zinabaki ndani ya basi. Unapaka maji ya sabuni. Mmoja nje anakisukuma kioo kwa viganja, mwingine ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa mpira unarukia bati kipande kwa kipande. Gwenda ndiye aliyekuwa ndani.

"Vuta!" nikamwambia.

"Navuta!"

"Si hivyo, unaipandisha, vuta kuja kwako!"

"Mzee, hebu nyamaza. Kamba ninayo mimi au wewe?"

"Unaichana!"

"Ukinipigia kelele mara nyingine naiachia na kwenda kusafisha bafu zangu. Mimi si mkeo."

Nikasukuma tu. Kikaingia. Nilipomaliza nilisimama mbele ya basi, nikaona uso wangu umekaa pale kiooni, mzee wa watu, nywele zimejaa sabuni.

Lakini usifunge mizigo bado. Ukanda. Ule wa zamani ulikatika vipande nilipoutoa. Radko ameniachia mpya, msokoto mzima, na kuusukumiza mfereji mzima ni kazi ya kuvunja vidole. Nilitumia bisibisi niliyoifunga kitambaa. Nilimaliza jioni, nikaukata sawasawa pale ncha zinapokutana. Kulipokucha baridi imeurudisha, kuna pengo la dole gumba. Kumbe nilikuwa nauvuta huku nausukuma. Hautakiwi kuvutwa hata kidogo, na unakatwa mrefu kupita haja. Narudia upya. Kwa hiyo kioo hatuwezi kusema kiko tayari.

Athol


Boulia
16 Julai 1993

Merle,

Sijapata jibu, labda posta.

Ukanda bado unanisumbua. Nimeutoa tena. Pembe ya chini kushoto haikai vizuri, inanyanyuka kama ukucha. Sitaki tufike njiani kioo kituangukie. Nipe wiki kadhaa.

Duara la jioni limebaki la watu watano, wengi wameshaenda kaskazini kufuata joto.

Athol


Boulia, ofisi ya kambi
19 Julai 1993

Bi Merle,

Samahani kukuandikia bila kufahamiana vizuri. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha. Mimi ndiye Gwenda niliyekubebea sanduku mpaka kwenye lori la barua. Mimi si mmbea, ukiuliza yeyote hapa atakwambia, lakini hili limenikaa kooni na nisipolisema sitalala.

Kioo cha basi lenu kimepona. Kiko imara tangu wiki ile ile kilipoingia. Ukanda Mzee Athol aliurudia mara ya pili ukakaa safi kabisa, hata Radko alipopita akirudi kutoka Bedourie aliupitisha kidole akasema kazi nzuri. Sasa mumeo kila baada ya siku chache anachukua bisibisi, anaung'oa wote, anakaa nao pale chini akiutazama, kisha anaurudisha. Juzi nikamuuliza, "Mzee, una nini na huo ukanda?" Akaniambia pembe haijakaa. Nikainama nikaiangalia. Imekaa, Bi Merle. Imekaa kuliko pembe yoyote niliyowahi kuiona.

Mimi nimeishi na watu wanaopita maisha yangu yote, nawajua wanaoogopa kuondoka. Huyu anaogopa jibu lako. Sharti lako la kioo alishanieleza: ukanda usipokwisha, nawe huwezi kusema hapana.

La pili. Mwanzoni mwa mwezi alikuwa anatafuta punje za kioo chini ya kiti chako. Akaja ofisini ameshika kitambaa cha kufutia vyombo, kimekauka kimekuwa kigumu. Akaniuliza, "Gwenda, hii ni damu au sosi ya nyanya?" Nikamwambia sosi haikauki hivyo. Akaniuliza kama asubuhi ile nilikuona na jeraha. Nikamwambia ukweli, kwamba mkono wako wa kulia ulikuwa umeuviringisha ndani ya sweta, na kwamba ndiyo maana nilibeba sanduku mimi. Akasema, "Mimi nilikuwa nakaza kamba za turubai." Akaondoka. Tangu hapo haimbi wala haji kwenye duara. Kiti chako anakitoa nje jioni pamoja na chake, anakaa, kukipoa anavirudisha vyote viwili.

Sijui ni nani ana haki kati yenu, na si kazi yangu kujua. Nimeona uyajue hayo mawili.

Gwenda Tulloch


Warrnambool
29 Julai 1993

Athol,

Gwenda ameniandikia. Usimkasirikie, amefanya kazi ambayo ilikuwa yako.

Kumbe kioo kiko tayari tangu wiki ile kilipoingia, na wewe unakaa unang'oa ukanda na kuurudisha. Nami nimekaa huku nikisubiri barua ya kunipa ruhusa ya kusema. Tumekuwa watoto, Athol, katika umri huu.

Basi nakwambia yote. Lori lilipotukaribia ulisema "mkono", nami nilisikia. Mkono haukunyanyuka. Sikufanya makusudi. Nilikuwa nimechoka tu, mwili wote, na nikawaza, liache lipite. Kisha kioo kikanimwagikia. Nilikinga uso kwa mkono wa kulia, ndiyo maana macho ninayo. Kwenye nywele kioo, kifuani kioo, mdomoni. Ulisimamisha basi. Ukazima injini. Ukageuka ukanitazama, mimi nimekaa vile, na neno la kwanza lililotoka kinywani mwako likawa, "Mbona hukuweka mkono?" La pili, "Tutakipata wapi kioo cha basi hili?" La tatu sikulisikia kwa sababu ulikuwa umeshashuka kwenda kutazama mbele.

Nilichukua kitambaa nikajifunga. Nikasema moyoni, nitamngoja aulize. Tumekwenda mpaka Boulia upepo ukitupiga usoni, hukuuliza. Ukafunga turubai, hukuuliza. Nikala kwa mkono wa kushoto mbele yako, ukaniomba chumvi. Kulipokucha nikaomba lifti. Mount Isa walinishona na kusema nimechelewa, mshipa wa vidole umeguswa. Barua zangu za kwanza nimeziandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo meza fupi yenyewe.

Najua hukuona. Ungeona ungenibeba, nakufahamu. Lakini sijui lipi baya zaidi, mtu akuone asijali, au akujali na asikuone. Nimelifikiria sana na nimechoka kulifikiria.

Jibu langu ni hili, na halitegemei ukanda tena. Sirudi ndani ya basi. Si kwa hasira, hasira imeisha. Nimepanga kijumba kidogo nyuma ya kwa Jeanette, vyumba viwili na jiko. Nimeshaweka pazia. Wewe nenda Kimberley kama unataka, ulikuwa na ndoto nayo kabla yangu. Sitakulaumu.

Merle


Boulia
10 Agosti 1993

Merle,

Mkono ukoje?

Hilo ndilo nililopaswa kuandika Mei, tena nililopaswa kusema kabla sijazima injini. Nimekiandika hiki kikaratasi mara nyingi na kila mara najikuta nimeanza na kitu kingine, mpira, hali ya hewa. Nikakichana. Sasa nimeanza na hilo na sitalifuta. Mkono ukoje? Vidole gani? Unashika kikombe? Unafunga vifungo? Nani anakufungia?

Nilipokiona kile kitambaa nilijua ni damu. Nilimuuliza Gwenda kwa sababu nilitaka mtu aniambie ni sosi. Usiku ule nilikaa kwenye kiti chako cha mbele, nikainua mkono wangu mbele ya uso, nikajaribu kuona ulichoona. Nililia, Merle. Sijalia tangu tumzike mama.

Kuna jambo jingine nilikuficha. Siku ile ya kwanza Radko alipokuja, nilimsimulia, tena kwa kujigamba, kwamba mke wangu hakuweka mkono ndiyo maana tumepata hasara. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Vidole havizuii jiwe, mzee. Ni imani ya watu wa barabara tu. Jiwe hili limekuja na uzito wake. Angekuwa ameweka mkono pale, lingempitia mkono kwanza. Wewe mshukuru Mungu mkeo hakuinua mkono." Nilijua kuanzia dakika ile kwamba nimekukosea, na sikukuandikia, kwa sababu kuandika kungekuwa kuomba radhi, nami nilikuwa bado nataka nibaki na haki hata kidogo. Ningekuandikia ile barua ya Juni vile inavyotakiwa, labda usingepanga nyumba. Sijui. Nimekukosea mara mbili, njiani na kwenye karatasi. Naomba unisamehe.

Ukanda sijaung'oa tena tangu barua yako ifike. Jana nilitaka kuondoka kwenda kaskazini, kama ulivyosema. Niliwasha, nikaaga, Gwenda akanipa keki. Nilifika kwenye kona ya barabara ya Mount Isa, pale changarawe inapoanza, nikaona lori kwa mbali linakuja. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Mkono, Merle." Mtu mzima, peke yangu, kioo kipya mbele yangu. Nikapaki pembeni mpaka lori likapita na vumbi likatulia, kisha nikageuza. Gwenda alinirudishia namba ya nafasi yangu kambini tu.

Kimberley siitaki bila mtu wa kuninung'unikia. Nina miaka sitini na saba na sijui kukaa sehemu moja, nimesahau. Nitakuwa mtu wa taabu, nitaamka asubuhi nitafute funguo. Lakini ningependa kujaribu kama utaniruhusu. Hicho kijumba ulichopanga, mbele yake kuna nafasi ya basi? Naweza kulala humo humo mpaka utakapoona vinginevyo. Sitakusumbua.

Athol


Warrnambool
21 Agosti 1993

Athol,

Mkono unaendelea. Kidole kidogo na kinachofuatia havikunjiki vizuri, na baridi ikizidi vinauma. Kikombe nashika. Vifungo Jeanette ananifungia vya nyuma, vya mbele nimejifunza kwa mkono wa kushoto. Daktari anasema vitalegea kidogo, si sana. Umeuliza, nami nimekujibu. Niliisoma ile sentensi ya kwanza, nikaikunja barua, nikaenda ufukweni, ndipo nikarudi kusoma iliyobaki.

Nimekusamehe lile la njiani. La kwenye karatasi bado linanichoma, nitalisamehe nikipumzika. Usinisukume.

Kuna kitu kimoja lazima ukifahamu kabla sijabadili mawazo: mimi sisafiri tena. Ukija, umekuja kukaa. Asubuhi ukianza kutafuta funguo nitakutazama tu. Duara la viti hapa hakuna. Kuna jirani mmoja mzee, kiziwi, anafuga njiwa, utampenda.

Umeuliza habari za nafasi ya basi. Leo mvua ilipokatika nilitoka na futi yangu ya kushonea nikapima geti. Basi halipiti. Nikapima tena nikiwa nimelifungua mpaka mwisho, nikishikilia ncha ya ile futi kwa kidole kisichokunjika. Halipiti, Athol.

Wewe unapita.

Njoo na koti zito, huku bado ni baridi.

Merle